Kilichobaki Hakipumui

Kama ungepita njia ya Runzewe asubuhi yoyote ya mwaka 1972, ungemkuta mwanamke anafagia ua wa hospitali ya misheni huku amevaa miwani nyekundu, kubwa kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Wageni walidhani ana ugonjwa wa macho. Wachimbaji wa dhahabu waliotokea upande wa Geita, ambao adabu yao iliishia shimoni, walidhani ana ugonjwa wa akili na walisema hivyo kwa sauti. Yeye aliwaitikia shikamoo zao, akaendelea kufagia. Huyo ndiye Febronia, Mama Sikujua, na hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa anayazoesha macho yake giza.

Kazi yake ilikuwa eksirei. Si ile ya kupiga picha ukapewa bahasha kubwa ya kwenda nayo nyumbani. Filamu zilikuwa ghali, na pale misheni zilitunzwa kwa ajili ya mifupa iliyovunjika tu. Kwa kifua walitumia kioo. Mtu alivua shati, akasimama kati ya mtambo na kioo, jenereta ikanguruma huko nje, na mara kifua chake kikajitokeza upande wa pili kwa rangi ya kijani: mbavu, mapafu, na moyo unaodunda katikati kama mtu anayegonga hodi. Mwanga wenyewe ulikuwa hafifu mno. Aliyetoka juani moja kwa moja hakuona kitu. Ilibidi mkaguzi akae na miwani nyekundu nusu saa nzima, kisha aivue ndani ya chumba chenye giza totoro. Febronia alifagia nayo, alichota maji nayo, na siku nyingine alikunywa uji nayo, uji ukiwa mwekundu kama damu ya mbuzi.

Aliyemfundisha ni Bruda Otmar, mzee wa Kijerumani aliyezungumza Kiswahili kama mtu anayepasua kuni. Kioo chenyewe kilikuja kikiwa kimeshatumika huko kwao. Siku ya kwanza kabisa Bruda aliuweka mkono wake mbele ya mtambo, akawasha, akazima, akautoa mkono na kuutia mfukoni. Mkono ulibaki kwenye kioo. Vidole vitano vya mifupa, kijani, bila mwenyewe. Febronia alipiga ishara ya msalaba mara mbili, na Bruda akacheka mpaka akakaa chini.

"Kioo hiki kimezeeka," akamwambia. "Kinakumbuka. Kila mtu akitoka, wewe zima umeme, tazama. Ukiona kitu, sali Salamu Maria tatu, tazama tena. Kioo kikiwa cheusi kabisa, ita mwingine. Na siku ukiwa na shaka, mwambie mtu avute pumzi. Kinachopanda na kushuka ni chake. Kilichobaki hakipumui."

Miaka mitatu baadaye Bruda alirudi kwao kufa, akamwachia funguo.

Mwaka wa kwanza peke yake Febronia aliogopa, tena sana. Asubuhi moja alikijaribu kioo kwa mkono wake mwenyewe, akaitwa nje kidogo, na aliporudi aliukuta mkono ukimngoja kwenye giza. Alijua ni wake, pete ya ndoa ilionekana waziwazi. Hata hivyo aliukazia macho mkono ule mpaka ukafifia, kisha akajifuta viganja kwenye kanga kama aliyeshika kitu cha watu. Hakumsimulia mtu. Angeambiwa nini? Angeambiwa akasali.

Kilichomwondolea woga ni mzee Jilala. Jilala alikuwa Msukuma aliyeacha ng'ombe zake huko upande wa Mhunze akafuata dhahabu, na dhahabu ikamlipa vumbi la kutosha kujaza mapafu yote mawili. Upande wa kushoto alikuwa na ubavu uliovunjwa na jiwe ukaunga vibaya, umejikunja kama kiwiko. Kulia, juu, alikuwa na wingu jeusi la ukubwa wa yai la kuku. Alipokwisha kukaguliwa akavaa shati, akageuka, akaziona mbavu zake bado zinaning'inia gizani na ubavu wake wa kiwiko.

"Mayu," akasema taratibu, kwa maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "mimi niko hapa. Yule pale ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Basi siondoki. Siwezi kwenda Geita nikamwacha mtu wangu huku."

Febronia angeweza kumfukuza. Badala yake alimsogezea benchi, wakakaa wote wawili kukitazama kioo. Mwanga ulipungua polepole, mbavu moja baada ya nyingine, mpaka pakabaki weusi mtupu. Jilala akashusha pumzi. "Sasa amerudi," akasema. "Wabeja, mayu." Akiisha kushukuru hivyo kwa lugha yake, akaondoka na fimbo yake.

Habari hiyo ilifika kwenye mashimo kabla ya Jilala mwenyewe. Tangu hapo hakuna mchimbaji aliyekubali kutoka chumbani kabla hajakaa kwenye benchi na kujishuhudia akiondoka kwenye kioo. Ikawa desturi, na watu wakaiheshimu kuliko dawa. Foleni ilirefuka hadi kwenye mpapai. Dokta Athanas, ambaye wote walimwita dokta ingawa cheti chake kilisema mganga msaidizi, alikuwa akichungulia mlangoni na kununa: "Mama Sikujua, hii ni hospitali au sinema?" Lakini hakuikataza, kwa sababu wachimbaji waliokuwa wakitoroka sasa walikuja wenyewe. Na Febronia, kwa kuwakalia watu hao gizani, aligundua kwamba haogopi tena. Alikuwa na jicho kali. Athanas alimwamini kiasi kwamba vifua vizima Febronia aliviandika mwenyewe daftarini: safi. Penye shaka ndipo alipomwita.

Kwa hiyo mtu mwenye jicho kama hilo alikuwa nyumbani na mume anayekohoa.

Kalisti alikuwa ametoboa miamba kwenye mgodi wa dhahabu miaka minane, na mgodi ulipofungwa akarudi akawa fundi baiskeli hapo Runzewe. Alikuwa mtu wa utani, mwembamba, mwenye mikono ya grisi na mtoto mmoja wa kike mgongoni kila saa. Sikujua alikuwa na miaka sita na hakulala popote ila kifuani kwa baba yake. Wanawake wa hospitali walimchokoza Febronia: "Penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. La mumeo tunalisikia toka barabarani!" Febronia alicheka nao. Nyumbani alimsihi mumewe aje kwenye kioo. Kalisti alikataa miaka miwili.

"Mke wangu hatanitazama mifupa kabla ya wakati wake," alisema. Wakaachia hapo.

Halafu Jumanne moja ya mwezi wa tano akaja mwenyewe. Jilala alikuwa ndiyo kwanza ameshuka, kwa maana alikuwa kwenye sindano za kifua kikuu na alikaguliwa kila mwezi. Pazia likafunguliwa, Kalisti amesimama hapo na shati lake mkononi tayari, jasho linamtoka.

"Sasa hivi," akasema, "au sirudi tena."

Jilala alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Akainuka kwa adabu zake za kizamani. "Mpishe mumeo, mayu. Mimi kivuli changu nimeshakizoea, kitanifuata njiani."

Febronia aliiona shingo ya mumewe ikigeukia mlango. Alijua akimwambia asubiri Salamu Maria tatu, hatamkuta. Hakuzima umeme akakitazama kioo. Kwa mara ya kwanza tangu Bruda aondoke, hakukagua. Alimshika Kalisti mabega, akamsimamisha, akawasha.

Moyo ulikuwapo, unadunda haraka. Mbavu zilikuwa nzuri, zimenyooka. Na kulia, juu, palikuwa na wingu jeusi la ukubwa wa yai.

Febronia akajiambia: ni la Jilala. Sikungoja. Ni la mzee Jilala.

Hapo, msomaji, ndipo mtu anapojua ameoa au ameolewa. Febronia alijua kazi yake kuliko yeyote mkoa mzima. Alijua kwamba kivuli hakiachi mbavu nyumbani kikaja peke yake. Kama wingu lile lilikuwa la Jilala, ubavu wa kiwiko ulikuwa wapi? Upande wa kushoto palikuwa na mbavu zilizonyooka tu. Aliona hilo. Mdomo wake, kwa mazoea, ukasema, "Vuta pumzi."

Kalisti akavuta. Mbavu zikapanda, na wingu likapanda. Akaiachia, likashuka.

Febronia akazima umeme.

"Kumeonekanaje?" akauliza Kalisti gizani.

"Njoo ukae kwanza ujitazame, kama wenzako."

Walikaa begani kwa bega. Kioo kilikuwa kinang'aa bado. Kalisti alijitazama, mtu mzima anayeonyeshwa ndani yake. "Hilo doa ni nini?"

"La mzee Jilala. Hakungoja liondoke. Si umemwona mwenyewe akitoka?"

"Ahaa," akasema Kalisti.

Mwanga ukaanza kufa. Ni kawaida yake kupungua kotekote, lakini siku ile Febronia aliona kana kwamba giza linaanzia kwenye lile wingu na kutambaa. Likaula ubavu wa kwanza, wa pili, wa tatu, likavuka katikati, likaumeza moyo. Kikawa cheusi chote. Alitamani kupiga kelele.

"Basi mimi ni mzima?" akauliza Kalisti.

"Safi," akasema Febronia, akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kweli kwa sababu alikuwa ameshajiaminisha. Kwenye daftari aliandika neno hilo hilo. Alijiahidi kwamba wiki ijayo atamrudia, kioo kikiwa kimekauka kabisa. Wiki hiyo ilipofika, jenereta ilikuwa haina dizeli. Iliyofuata kulikuwa na ubatizo. Baada ya hapo hakutafuta sababu tena.

Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo, na mimi naongeza kwamba hata usingizi hajipi. Tangu siku ile wingu lilimfuata Febronia mchana kweupe. Akitazama ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, liko pale, kulia, juu. Akitazama unga aliouanika, liko. Alikwenda kwa Athanas kulalamika macho, Athanas akampa matone na kumwambia apumzike na ile miwani. Jumapili moja, padri alipoinua kitambaa cheupe cha altare, Febronia aliliona wingu juu ya kitambaa, na lilikuwa likipanda na kushuka. Aliinamisha uso. Waumini waliokuwa jirani walidhani ameguswa na sala.

Kalisti alikonda. Suruali alizifunga kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Alisema ni kazi, alisema ni joto, na Febronia aliitikia kila kimoja. Alimpikia mchuzi wa kuku, alimchemshia majani ya mkaratusi. Kila alichoweza kumfanyia mgonjwa wa kifua alikifanya, ila kukiri kwamba ni mgonjwa wa kifua.

Mwezi wa kumi, alfajiri moja, alikuwa uani anawasha moto. Kalisti akakohoa ndani. Kikohozi kikaisha, na kingine kikaitikia, kidogo, chembamba, kutoka mahali pale pale.

Febronia aliganda na kijinga cha moto mkononi. Kalisti akakohoa tena. Kile kidogo kikafuata tena, kama mtoto anayemwigiza baba yake. Lakini Sikujua hakuwa anaigiza, alikuwa amelala.

Hakunywa chai. Alivaa miwani yake nyekundu, akambeba mtoto mgongoni, akamwambia Kalisti, "Wewe nawe njoo." Alipofika hospitali alimwita Dokta Athanas kabla hajafungua mlango wa chumba, jambo asilowahi kulifanya. Athanas alimtazama usoni, akaja.

Ndani alikitazama kioo bila umeme. Kilikuwa cheusi. Alisali Salamu Maria tatu, akakitazama tena, cheusi. Akaomba tatu nyingine, huku Athanas anasubiri na Kalisti amesimama mlangoni na kofia mkononi. Hakukuwa na mtu aliyetangulia. Jenereta ilikuwa haijawashwa tangu Ijumaa. Chochote kitakachotokea hapo kitakuwa cha mtoto huyu.

Alimsimamisha Sikujua juu ya sanduku. "Usiogope, mama. Mama yupo."

Umeme ukawaka. Kifua kilikuwa kidogo kuliko sahani, na ndani yake palikuwa na wingu dogo jeusi. Athanas aliinama karibu na kioo, na Febronia naye akainama.

"Avute pumzi," akasema Athanas.

"Hakuna haja," akasema Febronia. "Nimekiona kivuli. Ni chake." Na hakungoja kuulizwa. "Kitazame na cha baba yake. Nilikiona mwezi wa tano. Kilipanda na kushuka, dokta, nikaandika safi."

Athanas alizima umeme. Hakugomba, na ingekuwa afadhali agombe. Alisema tu, "Mwezi wa tano," akaanza kuhesabu kwa vidole gizani, wakamsikia akihesabu mpaka mwezi wa kumi. Halafu akaenda kuandika barua ya hospitali ya wagonjwa wa kifua, mwendo wa siku mbili kwa lori na treni.

Kalisti alikuja akakaa kwenye benchi. Febronia alipiga magoti mbele yake kwenye sakafu ya saruji.

"Inuka," akasema Kalisti. "Mimi nilikuwa natema damu tangu kabla ya Pasaka. Nilikuwa naifukia nyuma ya choo. Ile siku nilikuja ili wewe uione, uniambie, maana mimi mwenyewe sikuweza. Ukasema safi." Akatafuta pumzi. "Nikasema moyoni, macho yale hayajawahi kukosea mtu. Labda ni damu inayosema uongo."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo wanaiimba hata watoto wa shule, lakini haisemi chochote juu ya wawili wanaoficha ugonjwa mmoja, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na mtoto amelala katikati.

Walipanda lori la pamba Alhamisi, baba na binti, juu ya magunia. Febronia alibaki kwa sababu nauli ilikuwa ya wagonjwa tu na kwa sababu Athanas alimwambia foleni inamhitaji. Kalisti alizikwa huko huko mwezi wa pili, na habari ilifika kwa barua siku tisa baadaye, wakati Febronia ameshaoga na kuvaa miwani. Sikujua alirudi baada ya mwaka mmoja na nusu, mnene, mrefu, anazungumza Kiswahili cha wauguzi wa mbali.

Febronia aliendelea na kioo miaka mingine kumi. Alikaa benchi na mamia ya watu mpaka kila mmoja akaondoka kwenye kioo mzima mzima. Hakuandika tena neno safi kwa mkono wake. Alimwita Athanas kwa kila kifua, hata cha kijana anayecheza mpira, na Athanas alikuja kila mara bila kununa. Watu walisema amekuwa mwoga uzeeni.

Mwaka 1983 Sikujua alichaguliwa chuo cha ualimu na akatakiwa apimwe Shinyanga mjini. Alirudi na picha ndani ya bahasha kubwa. Alikuta mama yake amekaa mlangoni anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama. Wamenikubali. Wamesema nina kovu la zamani, lakini limekauka."

"Marahaba, mwanangu. Mungu ni mwema."

Sikujua aliitoa picha, akainyanyua kwenye mwanga, akaitazama mwenyewe kwanza. Kisha akauliza kile ambacho hakuwahi kukiuliza tangu ashuke kwenye lori. "Daktari ameniuliza niliambukizwa na nani. Nimemwambia sijui. Ni baba?"

Kujibu ndiyo kungekuwa uongo mdogo kuliko wote aliowahi kuusema. Usingekuwa hata uongo wote. Kalisti alikuwa kaburini na asingekataa, na binti angelia kidogo, akasamehe, akaenda chuoni kwake.

Febronia aliweka ungo chini.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwona baba yako miezi mitano kabla sijakuona wewe. Nilimwona vizuri. Nikamwambia yu mzima, akarudi nyumbani akakulaza kifuani kwake."

Sikujua aliirudisha picha ndani ya bahasha, polepole, akihakikisha pembe hazikunjiki. Akatoka, akaenda kusimama peke yake katikati ya ua, juani, na mama yake hakumfuata.